Mshale Unamwuaje Ndovu? Upinde wa Waata na Upinde wa Wawindaji wa Baisani

Karibu kila mtu anayeuona upinde wa Waata kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: mti na mshale huu unamwuaje ndovu? Swali lina haki yake. Ndovu dume aliyekomaa huweza kufika tani 6, ngozi yake katika sehemu nyingi za mwili ina unene wa sentimita 2 na zaidi, na mshale unaotoka katika upinde mzito kabisa haubebi nishati inayofika hata sehemu moja ya ishirini ya ile inayobebwa na risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa.

Mimi nimekulia upande wa bara wa Malindi, ambako Waata, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu, ni majirani wa Wagiriama, na tangu utotoni nimesikia swali hilo likijibiwa kwa neno moja tu: sumu. Jibu hilo si la uongo, ila halijakamilika, na kutokamilika kwake kumewadhulumu Waata kwa muda mrefu, kwa kuwa kumewafanya waonekane watu waliobahatika kuujua mti mmoja, ilhali walichokuwa nacho kilikuwa elimu nzima ya kumkabili mnyama mkubwa kwa silaha ya mbao. Nataka kuieleza elimu hiyo kwa kuiweka kando ya ile ya wawindaji wengine waliokabili mnyama mkubwa kwa upinde, yaani wawindaji wa baisani, yule mnyama mkubwa mwenye nundu wa jamii ya ng'ombe, huko Amerika ya Kaskazini, kwa sababu ukiziona zote mbili pamoja ndipo unapoelewa kila moja ilitatua tatizo gani.

Risasi humwumiza mnyama kwa kishindo: huvunja mfupa, hupasua nyama kandokando ya njia yake, na mara nyingine humwangusha pale pale aliposimama. Mshale hauna kishindo hicho, wala mpiga upinde mzoefu hautegemei uwe nacho. Mshale hukata. Baada ya kukatwa, mnyama hukimbia, na mwindaji hana budi kungoja kisha kufuata nyayo na matone ya damu. Kwa mnyama mkubwa kuna njia mbili za kuufanya mkato huo mdogo utoshe: ama uufikishe kwenye mapafu au moyo ili damu imwishie, ama uutie kitu kitakachosafiri na damu hadi moyoni. Watu wa nyanda za Amerika ya Kaskazini walishika njia ya kwanza, na Waata wakashika ya pili.

Baisani dume huweza kufika kilo 900, na kwenye nundu kimo chake hulingana na cha mtu mrefu. Kabla ya kuja kwa farasi, kuwawinda kulikuwa kazi ya jamii nzima: watu waliliswaga kundi kuelekea kwenye genge, wanyama wakaporomoka, na waliobaki hai chini wakamaliziwa kwa mikuki na mishale. Mahali paitwapo Head-Smashed-In, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, palitumiwa kwa namna hiyo kwa karibu miaka 6,000, na UNESCO iliparodhesha miongoni mwa maeneo ya urithi wa dunia mwaka 1981. Farasi walioletwa na Wahispania, ambao walisambaa kwa kasi baada ya maasi ya Wapueblo, wenyeji wa kusini-magharibi ya Marekani ya leo, ya mwaka 1680, waliigeuza kazi hiyo. Jamii za nyanda kama Walakota, Wacheyenne na Wacomanche wakawa wanawinda juu ya farasi, na pinde zao zikawa fupi, kiasi cha mita moja au zaidi kidogo, ili mpandaji aweze kuuhamisha upinde bila kumgonga farasi shingoni. Mgongo wa pinde nyingi ulibandikwa kano za baisani kwa gundi iliyopikwa kutoka ngozi na kwato, na kano hizo ndizo zilizouwezesha upinde mfupi kuvutwa sana bila kuvunjika.

Namna walivyolenga inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwindaji aliyevuta upote, yaani kamba ya upinde, kwa mkono wa kulia alimpeleka farasi upande wa kulia wa baisani, ili mnyama awe kushotoni kwake, akasogea mpaka nafasi kati yao ikawa ndogo mno, kisha akaachia mshale nyuma ya ubavu wa mwisho, ukielekea mbele na chini. Hakupiga bega, kwa kuwa bega la baisani ni mfupa na msuli mnene. Aliichagua njia laini, ili chembe, yaani ncha ya mshale, iyafikie mapafu na moyo kwa kutokea nyuma. Farasi aliyefunzwa vizuri alijitenga mwenyewe mara tu aliposikia mlio wa upote, kwa sababu baisani aliyejeruhiwa hugeuka na pembe zake. Hata bunduki za kushindiliwa zilipowafikia, wengi waliendelea na upinde kwa kazi hii, kwani mtu hodari aliweza kuachia mishale kadhaa katika muda ambao mwenye bunduki alikuwa akishindilia baruti ya risasi moja juu ya farasi anayekwenda mbio. Tena kila mwindaji aliitia mishale yake alama, na vumbi lilipotulia, mshale uliokwama mwilini ulionyesha mnyama yule ni wa nani.

Kilichowamaliza baisani hakikuwa upinde. Makadirio ya kawaida ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa milioni 30 au zaidi, na mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki pungufu ya 1,000, wakiwa wamechinjwa kwa bunduki na wafanyabiashara wa ngozi waliosafirisha shehena zao kwa reli. Leo makundi machache ya porini huwindwa kwa vibali vinavyotolewa kwa bahati nasibu, likiwamo lile la Henry Mountains katika jimbo la Utah, ambalo asili yake ni baisani waliohamishwa kutoka hifadhi ya taifa ya Yellowstone mwaka 1941, na wapo wanaokwenda huko na upinde.

Uwindaji wa kisasa wa upinde nchini Marekani nao una deni kwa mwenyeji. Mwaka 1911 alijitokeza huko Oroville, California, mtu wa mwisho wa jamii ya Yahi, aliyepewa jina la Ishi, na daktari Saxton Pope wa San Francisco akajifunza kwake kutengeneza upinde na kuutumia, mpaka Ishi alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope na mwenzake Arthur Young waliuendeleza ujuzi huo hadi mwaka 1925 wakafika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, wakisindikizwa na bunduki. Wageni hao walihesabiwa kuwa wanamichezo shupavu. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo mpaka tufike Tsavo.

Sasa Waata. Mzee mmoja wa Kiwaata, rafiki wa marehemu babu yangu, aliwahi kunionyesha upinde wa ndovu uliokuwa wa baba yake. Ulikuwa mti mmoja, mrefu kuliko mimi, uliochongwa mviringo na kupunguzwa polepole kuelekea ncha zake zote mbili, na kusuguliwa mafuta kwa miaka mingi hadi ukawa mweusi na mlaini mkononi. Haukuwa na pambo lolote. Aliniruhusu kuuvuta, nami nikaufikisha nusu ya mwendo wake, na hapo mabega yakakataa. Pinde za Waata zilizowahi kupimwa zimeonekana kuhitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na kupanda, kiwango ambacho watu hukitaja wanapozungumzia pinde ndefu za vita za Waingereza wa kale; mwanamume anayeshindana katika Olimpiki huvuta karibu nusu ya hapo.

Mshale alionionyesha haukuwa na sumu, lakini mahali pa sumu palikuwa wazi. Kati ya chembe ya chuma na mwili wa mshale palikuwa na shingo nyembamba yenye urefu wa kiganja na zaidi, iliyochomekwa kwenye mti bila kufungwa. Sumu hupakwa kwenye shingo hiyo, kisha huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili jua na upepo visiikaushe ikapoteza makali, na ili mwenyewe asijikwaruze akiwa njiani. Ukanda hufunguliwa dakika ya mwisho, mnyama akiwa ameshaonekana. Mshale ukiingia, mti wa nyuma huanguka na chembe hubaki ndani ikiendelea na kazi yake. Nilipomwuliza kwa nini mti usifungwe ukashika, alinijibu: "Mwanangu, ndovu akipita kichakani na mti umemtoka ubavuni, si atauchomoa wote?"

Sumu hutoka kwenye msunguti, mti wa kichakani wenye majani ya kung'aa na maua madogo meupe yenye harufu nzuri. Vipande vya mti huo huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yabaki rojo nzito, nyeusi kama lami. Wagiriama walikuwa mafundi mashuhuri wa kazi hii na Waata wengi waliinunua kwao, kwa hiyo mshale wa ndovu ulikuwa kazi ya jamii mbili. Kabla ya kuilipia, mnunuzi aliijaribu: damu kidogo iliachwa itiririke mkononi au mguuni kutoka kwenye mchanjo mdogo, sumu ikaguswa kwenye mwisho wa mchirizi, na weusi ukaonekana ukipanda juu kuelekea kwenye jeraha. Kasi ya weusi ule ndiyo iliyokuwa kipimo cha ubora, na damu ilifutwa upesi kabla weusi haujafika kwenye jeraha.

Kiini cha sumu hii ni ouabaini, ambayo Mfaransa Léon-Albert Arnaud aliitenga mwaka 1888. Huzuia pampu zinazosukuma sodiamu na potasiamu kwenye kuta za seli, na kwa kuwa moyo hauwezi kupiga kwa mpangilio bila pampu hizo, mnyama aliyeipata katika damu yake moyo hupotoka mapigo na kusimama. Ikipitia tumboni, inayonyonywa na mwili ni kidogo sana, na ndiyo maana nyama iliweza kuliwa baada ya kukata sehemu iliyozunguka jeraha. Si wanadamu peke yao walioligundua jambo hili. Mwaka 2011 watafiti, akiwamo Jonathan Kingdon, walichapisha ushahidi kwamba panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu hutafuna magome ya msunguti na kujipaka maji yake ubavuni, hivi kwamba mbwa anayemng'ata hupata sumu ile ile inayomwangusha ndovu.

Nimekaa na sumu kwa muda kwa sababu ni jambo la ajabu kweli, lakini hapa ndipo watu husimama na kudhani wamemaliza. Jiulize: ikiwa sumu ndiyo iuayo, kwa nini Waata walihangaika na upinde ambao kijana mwenye afya hawezi kuuvuta? Mwindaji wa swala huitumia sumu hiyo hiyo kwa upinde mwepesi. Jibu ni kwamba sumu iliyobaki kwenye ngozi ya ndovu haina faida yoyote. Lazima shingo nzima ya mshale ipite ngozi, ipite mafuta na msuli wa juu, ifike ndani kwenye damu nyingi, na ngozi ile haipiti mshale mwepesi. Kwa hiyo walilenga ubavuni, nyuma ya mbavu, tumboni, kwa hoja ile ile ya Mlakota juu ya farasi wake: epuka mfupa, tafuta njia laini. Watu wawili ambao hawakuwahi kusikiana, mmoja akiwa na upinde mfupi na mwingine mrefu, waliusoma mwili wa mnyama kwa namna moja.

Tofauti ni kwamba Mlakota alikuwa na farasi, na Mwaata alikuwa na miguu yake. Hakuwa na namna ya kumfikia ndovu kwa mbio, wala ya kumkimbia. Ilimbidi afike hatua kumi au ishirini kutoka kwa mnyama ambaye haoni vizuri sana lakini ananusa kuliko karibu kila kiumbe cha porini, na aitende kazi hiyo katika vichaka vya Tsavo, ambako mara nyingi humwoni ndovu mpaka uko karibu naye kuliko unavyotaka. Mzee alinieleza kwamba walitembea na majivu kwenye kifuko kidogo, wakiyapukutisha kila baada ya hatua chache ili kuona upepo unakokwenda, kwa kuwa upepo wa kichakani hugeuka bila taarifa. Walijua kwa kinyesi kama kundi limepita asubuhi au jana, kwa kingo za unyayo kama mnyama ana haraka, kwa matawi yaliyovunjwa anaelekea maji gani. Akaniambia: "Ukisikia tumbo lake likinguruma, naye bado anakula, basi umefika." Baada ya kupiga hawakukimbilia kumfuata, walikaa kimya wakisikiliza, kwa sababu mshale uliokaa mahali pake humwangusha ndovu bila yeye kwenda mbali, na anayefukuzwa huenda mbali zaidi.

Si kila mwenye upinde na sumu alimwinda ndovu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wana pinde kali na sumu zao wenyewe, nao huwinda twiga, pundamilia na nyati, mara nyingi kwa kuvizia usiku kwenye maji wakati wa kiangazi. Ndovu si windo lao.

Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na sehemu kubwa ya nchi ambayo Waata waliijua kisima kwa kisima ikawa ndani ya mipaka yake. Sitaki kuficha kwamba Waata waliuza pembe. Biashara ya pembe ilikuwepo pwani kwa karne nyingi, wanunuzi wa mijini walikuwepo, na miaka ya 1950 bei iliwavuta wengi kuua zaidi ya mahitaji ya nyama. Ndovu wengi walikufa, na walinzi wa hifadhi hawakuwa wakizua tatizo lisilokuwepo. Katika miaka ya 1956 na 1957, David Sheldrick wa Tsavo Mashariki na Bill Woodley waliongoza operesheni kubwa iliyowakamata wawindaji mmoja baada ya mwingine. Chembe zilizookotwa kwenye mizoga zilikuwa na alama za wenyewe, na ile desturi ya haki iliyosema mnyama huyu ni wa fulani ikageuka kuwa ushahidi mahakamani. Wanaume wa vijiji vizima walikwenda jela kwa kazi waliyofunzwa na baba zao, wakati ule ule ambapo mgeni mwenye leseni aliruhusiwa kumpiga ndovu kwa bunduki na kuning'iniza pembe ukutani kwake. Hilo ndilo ninaloshindwa kulikubali. Kuwalinda ndovu kulikuwa sahihi. Kuamua kwamba uwindaji wa mmoja ni mchezo wa heshima na wa mwingine ni ujangili, kwa kutazama silaha na mkono ulioishika, hakukuwa sahihi.

Kwa bahati, mwaka huo huo wa 1957, Jens Christian Skou huko Denmark alichapisha ugunduzi wake wa pampu ya sodiamu na potasiamu, na baada ya muda mfupi ouabaini ndiyo iliyomsaidia kuthibitisha kwamba alichokiona ndiyo pampu yenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Sumu iliyoingia maabara za Ulaya kwa heshima kubwa ilikuwa ikiwapeleka wajuzi wake jela hapa kwetu.

Walinzi wenyewe waliona kwamba jela haikuwa jibu. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, ambapo ndovu wangevunwa kwa idadi maalumu na Waata wangepata ajira humo. Wazo lilikuwa jema kuliko utekelezaji wake. Kazi ilifanywa kwa bunduki, faida ikawa ndogo, mwindaji akawa kibarua, na kabla ya muongo kwisha nchi ile ikawa ranchi ya ng'ombe. Ukame wa miaka ya 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo kwa njaa, kisha wakaja majangili wenye bunduki za kivita, na mauaji yao yakaifanya mishale yote ya miaka ya 1950 ionekane kidogo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inautaja hata uwindaji wa kujikimu kuwa kosa.

Siombi ndovu apigwe tena mshale. Ninachoona ni kwamba Marekani, iliyowatenda vibaya sana wenyeji wake na baisani wao, bado ilibaki na mikataba inayoweza kudaiwa: Wanez Perce, jamii moja ya wenyeji hao, kwa mkataba wa mwaka 1855, wamerudi katika karne hii kuwinda baisani wanaotoka nje ya mipaka ya Yellowstone, na jamii nyingine zimefuata. Mwaata hana karatasi ya namna hiyo ya kuonyesha. Alicho nacho ni ujuzi wa kufuata nyayo, ambao hifadhi zinauhitaji kila siku na ungestahili kulipwa kwa jina na cheo, na upinde ambao hauvunji sheria yoyote ukipigiwa shabaha bila sumu. Vijana wa Magarini na Tana River wakiandaliwa mashindano ya upinde mrefu, wazee wanaojua kuuchonga bado wapo wa kuwafundisha, na nimeshaanza kulizungumza jambo hili na wazee wawili na mwalimu mmoja wa michezo. Mwenye mti mzuri uliokauka, au mwenye upinde wa babu yake darini, naomba aniandikie hapa chini.